Niangalilie

Mtoto wetu alikufa alfajiri, na kabla jua halijapanda sawasawa baba yake alikuwa ameshavaa nguo za kazi. Nilimwona mlangoni akifunga kamba za viatu, polepole, fundo juu ya fundo. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Naenda ku atelier," akasema, yaani karakana, akaondoka.

Nilibaki kitandani na mtoto mapajani, nikisikia hatua zake zikishuka kuelekea barabarani, na nikamchukia. Silipambi jambo hili. Nilimchukia mume wangu kwa moyo wangu wote, na chuki ile ndiyo iliyonisaidia kuinuka pale kitandani.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama yangu, aliyeko Bukavu, husema nilizaliwa nikiwa nimeshakasirika. Nilivuka mpaka nikaolewa huku Nyakabuye, mahali ambapo barabara inaanza kuteremkia tambarare ya Bugarama na mashamba yake ya mpunga. Mume wangu ni sudere, fundi wa kuchomelea vyuma. Hutengeneza milango, madirisha, vitanda, na mageti ya watu waliopata kazi kwenye kiwanda cha saruji huko chini. Ni mtu wa maneno machache mno. Nikimpigia kelele yeye hunitazama tu, kisha huendelea kula, jambo ambalo kwa mtu kama mimi ni uchokozi mkubwa kuliko tusi.

Yule alikuwa mtoto wetu wa kwanza, msichana, wa wiki tano. Tangu alipozaliwa mume wangu aliacha kuniita kwa jina langu, akaanza kuniita Maman, nami nikamwita Papa. Mwanzoni tulikuwa tukicheka kila tulipoitana hivyo, maana majina yale yalikuwa bado yanatupwaya. Kisha ikaja homa. Siku ya kwanza tulidhani ni joto tu la mchana, siku ya pili tukampeleka kituo cha afya, na siku ya tatu, alfajiri, ikawa basi.

Tungeweza kuzika siku ile ile, lakini nilikuwa nimeapa kwamba mtoto hataingia ardhini kabla bibi yake hajavuka kutoka Bukavu. Ikaamuliwa iwe kesho yake, saa nne asubuhi. Mtoto angelala nyumbani usiku mmoja, na kabla ya kupigilia sanduku kila mtu wa nyumba angesogea amtazame kwa mara ya mwisho. Mimi niliwaambia wanawake mapema kwamba sitasogea. Nilikuwa nimemtazama vya kutosha akifa. Waliobaki na wamtazame wao.

Mume wangu alirudi karibu na saa sita mchana. Wanawake walikuwa wameshamwosha mtoto na kumvika gauni jeupe lililokuwa limenunuliwa kwa ajili ya ubatizo. Hakuingia kumwona. Alikaa nje, chini ya turubai, pamoja na wanaume waliokuja kutufariji, mikono juu ya magoti, macho makavu. Nilimchungulia dirishani mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kila mgeni alimshika mkono, naye akaitikia kwa kichwa. Nikasema moyoni, huyu hakuwa na mtoto, alikuwa na mgeni wa wiki tano tu.

Ilipofika kama saa kumi, nikamwona analia.

Si kulia kwa sauti. Machozi yalikuwa yakimtoka mfululizo, yakishuka mashavuni mpaka kwenye ndevu, naye ameinamisha kichwa, anafuta kwa mkono wa shati. Mzee mmoja akasema aachwe, alie yaishe. Na mimi, niliyekuwa nimemlaani tangu alfajiri, nilihisi kitu kikinilegea kifuani. Nilifurahi. Ndiyo, siku ya kifo cha mwanangu kuna dakika chache nilifurahi, kwa sababu hatimaye hakuniacha peke yangu. Nikatoka nje mbele ya watu wote, nikakaa kwenye benchi karibu naye, nikaweka mkono juu ya goti lake.

"Lia tu, Papa," nikamwambia. "Hata mimi nalia."

Akageuza uso kunielekea lakini hakufungua macho. Kope zilikuwa zimevimba na kuwa nyekundu.

"Haiko kulia, Maman," akasema kwa sauti ya chini. "Ni moto ya soudure. Imenipiga ku macho."

Nikaondoa mkono wangu.

Anayeishi na sudere anaujua ugonjwa huu hata kama hajui jina lake la kitabuni. Ule mwanga wa buluu unaotoka pale chuma kinapoungana unaunguza jicho jinsi jua linavyounguza ngozi, na mtu hasikii chochote wakati ule. Anamaliza kazi, anarudi nyumbani, anakula, anazungumza. Saa nyingi baadaye ndipo macho yanaanza kuwasha, kisha kuuma, kisha anakuwa kama aliyetiwa mchanga chini ya kope, na mwanga wowote, hata wa simu, unamchoma. Machozi hutoka yenyewe. Ndiyo maana wana ile kofia ya uso yenye kioo cheusi, masque. Mume wangu alikuwa mwangalifu sana na masque yake, hata kuifuta alikuwa na kitambaa chake maalumu. Katika miaka yetu pamoja moto ulikuwa umempiga mara moja tu, mwaka mmoja kabla, na siku ile tulikuwa tumecheka. Huku kwetu watu husema dawa ni maziwa ya mwanamke anayenyonyesha, yanayodondoshwa machoni. Nilimpeleka kwa jirani aliyekuwa na mtoto mchanga, na jirani akamtania wiki nzima kwamba sasa ana watoto wawili, mmoja ana ndevu.

Kwa hiyo nilijua vizuri alichoniambia. Aliniambia kwamba machozi yale si ya mtoto wetu. Ni ya chuma. Kwamba siku aliyokufa binti yake alikwenda kazini, akafanya kazi kizembe, akajiunguza. Nilirudi ndani.

Nje kukaanza minong'ono. Mtu mmoja alisema ni amarundi, yale macho mekundu ya kuambukizana, na neno hilo likapita chini ya turubai upesi. Wageni waliokuja baadaye hawakumpa mkono. Walisimama hatua mbili mbali, wakainama kidogo, wakapita. Naye kwa kuwa haoni, alikuwa akinyoosha mkono kila aliposikia nyayo, na mkono ukabaki hewani. Niliyaona hayo yote kutoka dirishani. Ningeweza kutoka na kuwaambia watu ukweli kwa sentensi moja, na sikutoka.

Mama yake ndiye aliyemshika akamwongoza hadi kituo cha afya. Muuguzi alimtazama akasema ngozi ya juu ya macho imeungua. Akampa pomada ya kupaka machoni na vidonge vya maumivu, akasema apumzike gizani, asisugue, na asitiwe maziwa ya mtu wala majani wala chochote. Itajiponya yenyewe, siku mbili.

Siku mbili. Sisi tulikuwa na mpaka saa nne ya kesho yake.

Waliporudi, mama mkwe alimweka kwenye chumba cha nyuma, akafunika dirisha kwa kitenge, kisha akaja kwangu. Alinikuta nikijikamua. Maziwa hayakuwa na habari kwamba mtoto amekufa. Yalikuja kila saa alizozoea kunyonya, yakaniuma mpaka kwapani, nami nilikuwa nikiyakamulia kwenye kikombe na kwenda kuyamwaga nyuma ya nyumba, penye migomba. Mama mkwe alisimama akitazama kile kikombe.

"Mwana wangu," akasema, "muntu wako anateseka. Anataka kumuona mutoto mbele bafunge sanduku. Tangu atoke kule anasema ile tu. Siku mbili ni mingi. Tupatie maziwa kidogo, tumuwekee mu macho."

"Maziwa hii haiko yake," nikamjibu.

Hakuwa mtu mkali, na nadhani aliuliza kwa sababu kweli alitaka kujua.

"Njo ya nani sasa?"

Nikamwambia atoke. Mama wa mume wangu, aliyemwosha mwanangu kwa mikono yake asubuhi ile, nilimwambia, "Toka, Maman," nikamwelekeza mlango kwa kidole. Akatoka. Nikaenda nikamwaga kikombe chote kwenye mgomba, nikasimama pale nikitazama udongo ukinywa. Kumbe alitaka kumwona, nikasema. Alikuwa na asubuhi nzima ya kumwona.

Jua lilikuwa linazama wakati mzee mwenye karakana, yule aliyemfundisha mume wangu kazi, alipopanda kutoka barabarani akiwa amebeba kitu begani. Kilikuwa msalaba wa nondo, mdogo, ukinifika kiunoni. Aliuegemeza ukutani karibu na mlango wa jikoni nilipokuwa nimesimama, akavua kofia.

Nilikuwa sijajua. Hakuna aliyeniambia kwamba kazi aliyoikimbilia alfajiri ilikuwa hii. Nikainama kuutazama, na hata pale nikatafuta kosa, na nikalipata. Kazi ya mume wangu naijua. Mishono yake ya kuungia vyuma ni laini, imelala vizuri, watu huja hata kutoka Bugarama kumtafuta kwa ajili ya mishono hiyo. Huu msalaba ulikuwa na mabonge na matundu, na pale vyuma viwili vinapokutana chuma kilikuwa kimetiririka na kuganda kando.

"Mzee, nani alisudira hii?"

"Ni yeye."

"Hii haiko kazi yake."

"Ni yeye, Maman. Nilikuwa pale." Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akaizungusha kofia mikononi. "Alianza na masque vizuri. Kisha akasimama, akaitosha ku uso, akapanguza kioo, akairudisha. Akatosha tena. Nikamuuliza, ni nini? Akasema kioo inajaa maji kwa ndani, haone kitu. Nikamwambia, leta, mi nitamaliza. Akakataa. Akasema huyu mutoto ni wake. Njo akatupa masque chini, akasudira macho wazi mpaka mwisho. Nilimukataza. Hakunisikia."

Nikauliza, na mpaka leo sijui nilikuwa najifanya mjinga au nilikuwa mjinga kweli, maji yale yalitoka wapi.

Mzee alinitazama kwa upole.

"Maman, maji ya namna ile inatokaka wapi?"

Kisha akaniambia kwamba alitaka kuisaga ile mishono kwa mashine ipate kupendeza, na mume wangu akamwambia aache ilivyo.

Nilikaa jikoni muda, sijui muda gani. Nilikuwa nikimwona amesimama kwenye mlango wa karakana, asubuhi na mapema, uso wake ndani ya lile boksi la plastiki mahali ambapo hakuna anayeweza kumtazama, akilia hadi kioo kinaloa. Mtu huyu alikuwa ametafuta mahali pa kulilia akapata ndani ya masque. Nami nilikuwa dirishani mchana kutwa nikimhukumu kwa ukavu wa macho. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu atamani kuwa mtu mwingine.

Nikaenda kwanza kwa mama mkwe nikamwomba msamaha. Alinishika shavu tu. Kisha nikaingia chumba cha nyuma.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitambaa cha maji baridi juu ya macho, kichwa kimeegemea ukuta.

"Ni nani?"

"Ni mimi."

"Maman?"

Watu wote walikuwa wameniita Maman siku ile, kwa heshima, kama wanavyomwita kila mwanamke mtu mzima. Lakini alivyolitamka yeye, kwa kuuliza, nilijua anataka kujua kama bado anayo ruhusa ya kuniita hivyo. Nikamwambia ndiyo. Nikakaa, nikamlaza kichwa mapajani, nikafungua vifungo vya blauzi.

Yule muuguzi alisema maziwa si dawa, nami sibishani naye, wala siandiki haya kumfundisha mtu tiba. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumpa. Nikainama, nikamfungua kope kwa vidole viwili, naye akasaga meno. Maziwa yalitoka kwa nguvu yakampiga kwenye paji la uso, kisha sikioni, na nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, naye akacheka kidogo kwa pua, na katikati ya kicheko hicho nikaanza kulia, nikalia mpaka sikuweza tena kulenga jicho. Yalimwangukia usoni maziwa yangu na machozi yangu, kila kimoja mahali pake na mahali pa mwenzake.

"Iko moto," akasema. Alikuwa na maana ya joto la maziwa.

Baadaye akauliza, "Kesho nitamuona?"

"Utamuona," nikasema. Sikuwa na msingi wowote wa kusema hivyo.

Asubuhi hakuweza. Kope zilikuwa zimevimba zaidi kuliko jana, zimeshikana kwa utando wa njano, na mwanga wa mlangoni tu ulimfanya ageuke ukutani. Mama yangu alifika saa tatu, ameloa umande na kujaa vumbi, kavuka mpaka pamoja na watu wa kwanza. Saa nne kasoro wakaleta sanduku sebuleni, wakaliweka juu ya viti viwili. Watu wa nyumba walisogea mmoja mmoja. Mimi nilikaa nyuma kama nilivyokuwa nimeapa.

Mume wangu aliletwa na mama yake hadi kwenye sanduku. Alisimama akishikilia ukingo wa mbao. Kisha akainua mikono yote miwili, akashika kope za jicho moja, akazivuta kwa vidole, akalazimisha. Nilisikia sauti iliyomtoka. Akajaribu jicho la pili. Kila mtu mle ndani alitazama chini. Aliona weupe tu, aliniambia baadaye, weupe mtupu unaouma, hakujua kama ni gauni au ni macho yake.

Akaacha. Akasimama wima, macho yamefumba, akageuza uso kule alikodhani nipo.

"Maman," akasema. "Niangalilie."

Sikuwa nimewahi kusikia neno hilo likisemwa hivyo. Niangalilie mtoto, niangalilie chungu, hayo ndiyo tunayoambiana kila siku, kwa maana ya kulinda kitu kisiharibike. Yeye alikuwa ananiomba macho yangu. Miguu yangu haikutaka, lakini nilikwenda. Nilisimama karibu naye, nikamshika mkono, nikatazama.

"Gauni imemuenea," nikasema. "Mama yako alimufunga na riboni."

"Nywele?"

"Wameichana. Imelala upande."

"Mikono?"

"Iko juu ya kifua. Vidole amevikunja, kama siku zote."

"Macho?"

"Imefunga."

"Ni kama analala?"

Wanawake waliokuwa nyuma yangu walivuta pumzi, na najua walitaka nijibu nini. Ni jibu jepesi, kila mtu hulitoa. Lakini alikuwa ameniomba niangalie, si nimbembeleze.

"Hapana, Papa," nikamwambia. "Haiko kulala. Amekufa."

Akatikisa kichwa kukubali, mara mbili. Nikachukua mkono wake nikauweka juu ya paji la uso wa mtoto, akauacha pale mpaka walipotuambia wakati umefika. Tulipanda makaburini nikimwongoza kwa kiwiko, nikimtajia mawe na mifereji njiani. Alishika msalaba mwenyewe walipokuwa wakiushindilia udongo.

Siku iliyofuata, mchana, macho yake yalifunguka, kama muuguzi alivyosema. Maziwa yangu yalikauka baada ya wiki mbili hivi. Tuna mtoto mwingine sasa, wa kiume, na mume wangu bado anachomelea vyuma. Wakati mwingine, tukiwa tunakula, huniuliza ghafla juu ya ile riboni, ilikuwa ya rangi gani, au nywele zilikuwa zimelala upande upi. Hana picha nyingine ya saa ile zaidi ya niliyompa, na mimi humjibu kila mara, bila hasira, mambo yale yale.

Ila kuna kitu kimoja sikumtajia. Tangu mtoto azaliwe watu wote walisema amefanana na mimi, na mimi nilikubali kwa majivuno. Asubuhi ile, ndani ya lile sanduku, uso wake ulikuwa umetulia, na alikuwa baba yake mtupu. Paji lile lile, mdomo ule ule usiotaka kusema kitu. Nilimwona wazi kabisa, nikanyamaza, kwa sababu kama ningemwambia angezivuta tena zile kope kwa vidole. Baadaye nikawa nasubiri siku nzuri ya kumwambia, na siku nzuri ya jambo kama hilo haiji. Macho yake ni mazima sasa. Atayasoma haya; husoma polepole, lakini atafika hapa.